Uzi Mweupe

Simuni naitwa Uzi Mweupe.
Hawajui nina ndevu, nauza saruji Langoni.

Tuko mia nne, wadarizi wa kofia:
Muskati, Moroni, mmoja yuko Oslo,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi.
Haulizwi ukoo. Waulizwa sindano namba ngapi.

Niliweka kofia ya nyota, mioyo ikamiminika.
Nikashona nyota tena. Na tena.
Mawimbi aliyonifunza mama, yasiyokaa vyema pichani,
yakabaki kikapuni.

Mmoja tu, Jicho la Sindano, akatuma sauti:
"Siku hizi washona kama mtu apigiwaye makofi."
Nyuma yake punda akalia, kisha akakohoa.
Punda gani mwingine hukohoa?
Nilikuwa nimemsikia dirishani, dakika ile ile.

Bi Salha! Ng'ambo ya kichochoro.
Miaka sita hatusalimiani, kisa maji ya mlizamu.

Asubuhi nikampita mlangoni pake,
shingo nimeikaza kama ada.
Usiku nikatuma wimbi, nusu,
bila hata kulipiga pasi.

"Uzi umelegea hapo kati," akajibu.

Nikautazama.
Umelegea kweli.