Gurudumu la Nyuma la Hermencia

Sogamoso, alfajiri, baridi inauma masikio.
Hermencia ameegemeza baiskeli mlangoni pangu,
madumu mawili ya maziwa yanafuka mvuke.
"Fundi, imekatika tena."
Spoki ya tatu tangu Kwaresima,
zote za kushoto, zote shingoni,
pale zinapopinda kuingia kwenye habu.

Watu hudhani spoki hukatika kwa kukazwa mno.
Wapi! Hii hufa kwa kulegea.
Kila mzunguko inavutwa, inaachwa, inavutwa, inaachwa,
kama mtu anayeahidiwa mshahara,
mpaka siku moja inachoka, inasema tak.

Mwanawe Duván alikuwa na jibu lake.
Miezi minane kwenye kiwanda cha chuma,
akamletea mama magurudumu ya kaboni:
meusi, mepesi, rimu pana kama kiganja,
spoki ishirini tu, bapa.
Nikayapima mkononi. Nikayatamani.
Nikasema: haya ni ya kijana mwenye chupa moja ya maji,
si ya mama mwenye lita arobaini.
Akanitazama kama niliyeitukana zawadi.

Siku tatu.
Upepo wa njia ya Iza ulizikamata zile rimu
kama mgomvi anavyokamata shati,
ukamtupa mama mtaroni,
maziwa yakawa ya mbwa.

Nikamsukia jipya. Habu ile ile kongwe,
beringi zimeoshwa, zimelishwa grisi,
rimu ya alumini isiyo na jina la kuringia,
spoki thelathini na sita, kila moja ikipishana na tatu.
Nikalizungusha mbele ya taa,
robo ya nipeli hapa, nusu pale,
nikizigonga kwa ukucha mojamoja
hadi za kushoto zikaitikana, na za kulia zikaitikana.
Halikuyumba hata unene wa kucha.

Mji mzima ukanisifu. Na mgema, wajua tena.

Jumamosi akarudi. "Linalia."
Linalia vipi?
"Tik. Nikipanda mlima. Tik."
Gurudumu langu mimi?
Nikalifungua. Nikakaza nati ya vali,
nikadondosha mafuta spoki zinapokutana,
nikamulika tochi ndani ya rimu kana kwamba mna panya.
Nikaendesha mwenyewe hadi kanisani: kimya.
Akapanda yeye: tik.
Nikabadili tairi. Tik.
Nikamlaumu Duván kimoyomoyo, bila sababu.

Mwisho nikakimbia pembeni yake mlimani,
mimi na kitambi changu,
nikihesabu kwa pumzi iliyobaki.
Gurudumu mara mbili, sauti moja.
Gurudumu mara mbili, sauti moja.
Ugonjwa wa gurudumu hufuata gurudumu;
huu ulifuata kanyagio.
"Geuza. Teremka bila kukanyaga."
Kimya.
"Sasa kanyaga."
Nikainamisha sikio karibu na sketi ya mama wa watu,
mbele ya foleni nzima ya duka la mikate.

Goti.
La kulia. Miaka arobaini na mmoja ya maziwa.

Alicheka mpaka akashikilia dumu.
Kisha akaacha kucheka.

Spana ya goti sina.
Nilichokuwa nacho ni gia moja kubwa ya nyuma,
meno thelathini na manne,
niliyoichomoa kwenye baiskeli ya mtalii aliyekata tamaa,
na kiti, nikakipandisha vidole viwili.
Duván alisimama akitazama, mikono mfukoni,
halafu akauliza, kwa sauti ya chini:
"Hizi za kushoto, unajuaje zimetosha?"
Nikampa spana ya nipeli. Nikampa ukucha wangu wa kuazima:
gonga, sikiliza.

Yale ya kaboni yananing'inia ukutani. Hatujaongea bei.

Hermencia hupita kabla jua halijatoka.
Sasa tik ni nyingi kuliko zamani,
maana miguu inazunguka haraka,
ila ni ndogo, anasema,
kama mtu anayehesabu chenji yake
na kuona imetimia.