Punje Mia na Themanini

Verna Lahti amepasuliwa bega,
kwa hiyo msimu huu mkono wa mashine ni wangu.
Mimi ni mpangaji wake wa juu, mfua shuka wa hospitali;
jioni hugonga bomba la joto mara mbili, nami nashuka
kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye harufu ya grisi
na ya mbwa aliyekufa mwaka juzi.

Butte, Oktoba. Theluji imewahi.

Kwanza risasi. Imetoka kwa fundi wa magurudumu,
vile vipande vya kusawazishia tairi;
aliiyeyusha mwenyewe kiangazi, mlango wazi,
akiwafokea paka wa jirani wasisogee.

Halafu shaba. Hapa haniruhusu kuharakisha.
Shaba ni bomba la maji la nyumba ya mama yake,
mtaa wa McQueen, uliomezwa na shimo la mgodi
pamoja na kanisa, na baa, na mcheri mmoja.
Mumewe aliling'oa usiku, tingatinga likija asubuhi.
Tangu hapo wanalikata kidogo kidogo,
koti moja, risasi moja, elki mmoja kwa mwaka,
na zile za majaribio, ambazo huzitolea hesabu kama mtunza hazina.
Limebaki urefu wa mkono wa mtoto.

Kwa lugha yake ni majina mawili:
madini ni jingine, kinachoua ni kingine.
Kwetu ni neno moja.
Ingali uji wa kijivu sufuriani
tayari tumeshaiita risasi.

Navuta. Mkono unashuka, unagoma,
unakubali. Inatoka imevaa,
ya moto kidogo, shingo imebanwa
kama mtoto wa shule siku ya picha.

Tunapima. Mizani yake inahesabu punje.
Siku ya kwanza nilicheka: punje?
Punje ni za mahindi. Mama yangu, sokoni Likasi,
alizipima kwa kopo la maziwa,
akisawazisha juu kwa kiganja
mteja asipunjwe hata moja.
Baba alikuwa mtu wa mukuba, ndivyo tulivyoiita shaba;
aliiyeyusha miaka kumi na tisa,
na sufuria zetu zilikuwa za bati.

Mwaka ule watu walipolala stesheni wakingoja treni
moja iliingia kwetu kupitia fremu ya mlango.
Haikumpata mtu. Mama aliichokoa kwa kisu,
akaigeuzageuza, akaipima kwa mkono,
akasema, "Nzito hii,"
akaishonea kwenye pindo la pazia
pazia lisipeperuke.

Hilo sijamwambia Verna.

"Mia na themanini," anasoma. "Mia na themanini.
Mia na sabini na sita." Ananyoosha midomo.
Zilizopungua hurudi kwenye kopo la kahawa
zikayeyushwe upya, koti livuliwe.
Nashika mkono wake kabla haujafika koponi.
"Nipe hiyo."
"Ya nini? Bunduki huna."
"Nina pazia."

Ananitazama juu ya miwani, kwa muda,
jiko la joto likinguruma nyuma yetu.
Kisha anaingiza vidole koponi, anapekua,
anatoa nyingine.
"Pazia," anasema, "lina pembe mbili."