Kibandiko

Ofisi ya chama ni chumba kimoja,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
nyuma ya kinyozi.
Ukutani ipo kalenda ya mwaka juzi,
hatuibandui, inaziba ufa.
Mimi ndiye katibu. Ndiye pia mchemsha chai
na mjibu barua za ng'ambo.

Leo wamejibu. Sampuli zimefika.
Iliki ya Magoroto: safi, leteni bei.
Mdalasini wa Amani: unyevu asilimia kumi na nne,
ukaushwe tena.
Unga wa mlonge: rangi nzuri, harufu nzuri,
ila neno moja kwenye kibandiko liondolewe
au mzigo utazuiwa bandarini.

Neno lenyewe ni dawa.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kulipia meza ya maonyesho.
Mwenyekiti wetu, Bwana Mhando, alilipa,
kwa michango ya wanachama mia na kumi na saba,
akasimama siku nne kwenye ukumbi wenye baridi
na koti la kuazima.
Watu walipiga naye picha. Wakaonja. Wakashukuru.
Mama mmoja alinusa iliki yetu, akafumba macho,
akalia kidogo, hakusema kwa nini,
akaondoka bila orodha ya bei.
Bwana Mhando bado anamtaja mpaka leo,
kwenye vikao, chini ya Mengineyo.

Mama Shemboko kaja na bodaboda kutoka Muheza,
vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamsomea barua.
"Waandike nini basi?"
Kirutubisho, nikasema. Au chakula cha nyongeza.
Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyedaiwa mara mbili.
"Nilipojifungua pacha nililala wiki tatu
mweupe kama kuta za zahanati.
Mama mkwe alinipikia majani haya asubuhi na jioni.
Damu ilinirudi. Waulize, katibu,
damu yangu ilirudishwa na chakula cha nyongeza?"

Sikuwauliza.
Najua watajibu nini: vipimo viko wapi,
walikunywa wangapi, wangapi hawakunywa,
na nani aliandika.
Na si uongo. Sokoni hapa hapa Ngamiani
yupo anayeuza maji ya mizizi kwa kila ugonjwa,
kisukari, mapenzi, kesi ya shamba.
Kwa ajili yake yule neno limechafuka,
na sisi tunalifua.

Kibandiko ni sentimita sita kwa nne.
Kinameza jina, uzito, nambari ya fungu,
tarehe ya mwisho wa matumizi.
Hakimezi asubuhi ya kuchuma kabla ya jua kali,
wala mkeka wa kivulini, maana jua linaua rangi,
wala mama mkwe, ambaye hakuwa na nambari ya fungu
na tarehe yake ya mwisho ilikuwa Mfungo Sita.

Nikafuta. Herufi nne, mguso mmoja wa kidole.
Nikaandika: Majani ya mlonge yaliyosagwa. Gramu mia.
Mama Shemboko akasimama nyuma yangu, akasoma,
akasema, "Haya. Ada ya shule haisubiri neno."
Akaweka sahihi pale pa mweka hazina,
akabonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Mpiga chapa kanipigia alasiri:
hapa juu pamebaki nafasi tupu, katibu, ni makosa?
Nikamwambia paache.
Akasema nafasi tupu nayo inalipiwa wino uleule.
Sawa, nikamwambia, tutalipa.

Kisha nikapanda darini kugeuza mdalasini,
maana wingu lilikuwa limeshatoka Pongwe
na turubai letu lina tundu.