Makombo ya Taa

Mama alizima taa kabla hatujamaliza kutoka chumbani.
"Luku si maji ya ziwa," alisema,
na giza likatukuta na kiatu kimoja mguuni.
Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwanga una bei,
na kwamba ukishagonga ukuta umekufa,
hauachi mrithi.

Sasa niko Nyegezi, chumba cha nyuma,
dirisha limezibwa kwa gazeti,
napima chumvi za risasi
kwenye mizani inayoshtushwa na pumzi yangu.
Shigela anacheka: "Unapika au unaganga?"
Yote mawili.
Iodini ikizidi, utando unakuwa mweusi kama sungu la kande,
unameza hata ule mwekundu wa mwisho
ambao jua linaumwaga na jicho halioni.
Lakini taa ya mrija haina mwekundu huo wa kugawa.
Ina bluu kidogo, kijani, manjano, basi.
Aliyezoea karamu ya paani
akiketi meza hii atalala njaa.
Kwa hiyo naongeza bromini, tone, nangoja, tone,
mpaka perovskaiti inaiva rangi ya tofali lililotoka tanuruni:
koo limekuwa jembamba,
ila kila tonge linalopita
linashibisha zaidi.

Mwezi wa nne vilikufa vipande ishirini na vitatu.
Ziwa halipigi hodi.
Linaingia usiku na unyevu wake,
asubuhi unakuta njano kwenye kioo,
njano ya macho ya mgonjwa wa ini.
Maiti zote nimezitia kwenye chupa ya jemu,
kifuniko nimekifunga kwa nta,
nimeandika RISASI, USIMWAGE,
maana hili ziwa tunalinywa.

Na hao wawili, iodini na bromini!
Ukiwaanika juani wanatengana,
kila mmoja anavutia kwake
kama ndugu wanaogawana mabati
siku ya tatu ya msiba.
Ukiwarudisha gizani wanapatana.
Nimeona, nimeandika daftarini, saa na dakika.
Lakini chini ya taa ya kawaida,
taa ya mtu anayefanya mazoezi ya hesabu,
taa ya zamu ya usiku,
wanakaa.
Pengine hawaoni cha kugombania.

Kipande cha arobaini na moja kiko Igombe, zahanati,
kimebandikwa juu ya friji ya chanjo,
kikubwa kama stempu mbili.
Mlinzi alikuja kukikagua.
"Kinachaji simu?"
Hapana.
"Tochi je?"
Hapana.
"Sasa kinafanya nini?"
Kinasema namba.
Aliniangalia kwa huruma, akarudi kwenye kiti chake.

Msiniambie haba na haba.
Hapa kibaba hakijai, wala hakitajaa;
kinachopatikana kinatumika papo hapo
kutamka neno moja kila baada ya dakika kumi:
nne. Nne. Nne na nusu. Nne.
Lakini Nyanjura, muuguzi, anakumbuka ile Jumamosi
betri ya kipimo ilipokufa bila kuaga,
na Jumatatu wakamwaga chanjo za watoto sitini
huku mama zao wamepanga foleni hadi kwenye ukuta wa shule.
Yeye haulizi kuhusu simu.

Jana nilimpeleka Mama kupima presha.
Tulipomaliza akatangulia mlangoni,
na mkono wake, mkono uleule,
ukaenda kwenye swichi kabla hajaufikiria.
"Mama, acha. Kuna anayekula."
Akatazama taa, akatazama stempu,
nikamweleza: mwanga uliokwisha kutumika,
uliokwisha kugonga ukuta,
yale makombo, Mama.

Akanyamaza kidogo.
Ukutani namba ikabadilika, ikarudi nne.

"Sawa," akasema. "Na luku anaweka nani?"