Mahari Yenye Chumvi

Simu ililia tukiwa bado juu ya pantoni.
Mzee Dihenga, mshenga wetu, aliipokea kwa sauti ya kikao,
akaitika "naam" mara nne,
kisha akatugeukia, kofia mkononi:
mjomba wa binti amekwama Kibiti,
basi limevunjika ekseli,
na bila yeye hapokelewi mtu.
Tuje Jumapili.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Tulikuwa kumi na tisa ndani ya kosta ya kukodi,
masufuria mawili ya pilau yamefungwa kwa shuka,
kaka yangu Mwinjuma ndani ya kanzu yenye mikunjo ya dukani,
na mahari, laki nane taslimu,
kifuani kwa shangazi Sikudhani,
mahali ambapo, kwa maneno yake, mwizi akifika
atakuwa ameshajulikana.

Kurudi Mbagala? Na majirani walivyotupigia vigelegele?
Dereva Mwakalinga akauliza twende wapi.
Hakujibiwa. Akashika njia ya Mjimwema,
akakata kushoto penye duka la mabati,
akaendesha mpaka mchanga ukamwambia basi.

Wa kwanza kuvua viatu ni Kokusima, shoga yangu,
aliyekuja kupiga picha tu.
Watoto wakamfuata na nguo zao za sikukuu.
Mwakalinga alisimama ukingoni, suruali imekunjwa,
miaka kumi na miwili Dar, hajawahi kuyagusa.
Akachovya kidole, akaramba.
"Kumbe kweli," akasema,
akarudi garini kukaa na jambo hilo.

Mzee Dihenga hotuba ilimkaba.
Aliikariri wiki nzima, angeipeleka wapi?
Akaivalia koti, akaikabili bahari:
"Tumepita, tumeona ua bustanini kwenu..."
Kaa mmoja alisikiliza mpaka kwenye ua,
akaingia shimoni.

Mama alipakua pilau kwenye vifuniko,
sahani tulidhani tutazikuta ukweni.
"Hapa nilikuja na baba yenu,
huyu akiwa tumboni," akaninyooshea mwiko,
na kabla sijauliza lolote
akasema nyama haijaiva vizuri, tule mchuzi.
Nyama ilikuwa imeiva.

Halafu ndala ya Tatu ikachukuliwa na maji,
na shangazi, mtu wa kilo zake,
akaifuata mpaka magotini, mpaka kiunoni,
wimbi likamkalisha.
Aliinuka na ndala. Akashika kifua.
Yowe lile nadhani lilifika Kibiti.

Noti themanini tulizianika juu ya khanga
kama dagaa, kila moja na kokoto lake,
tukazizunguka, wazee kwa watoto, tukikinga upepo kwa migongo.
Sijawahi kuiona familia yangu imekaa hivyo,
duara, kimya, macho chini,
tangu siku ya arobaini ya baba.
Kisha Mwinjuma akapiga chafya,
elfu kumi ikaruka,
na bwana harusi mtarajiwa akaikimbiza ufukweni,
kanzu kiunoni, miguu myembamba kama ya korongo,
mama akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku mbili tulilala kwenye pagale la binamu Chande:
kuta nne, paa nusu, mbu wote.
Mikeka haikutosha, mazungumzo yalibaki.
Gizani mama alituambia mengine ya baba.
Si yote. Na mimi siyaandiki hapa.

Jumapili tuliingia ukweni tunanuka moshi.
Mjomba wa Kibiti alihesabu noti, zikilia kama majani makavu.
Moja akaipeleka puani.
"Hizi zimetoka wapi?"
Mzee Dihenga, ambaye hotuba yake iko baharini,
alisema, "Mbali kidogo."

Nyuma ya pazia mtu alizuia kicheko, akashindwa.
Mwinjuma akapiga magoti kusalimia,
na toka kwenye pindo la kanzu
mchanga ukadondoka juu ya zulia la watu,
taratibu,
mwingi kuliko tulivyoweza kuufunika kwa miguu.