Kibano cha Inchi Mbili

Asubuhi nilipewa karatasi:
Mabatini, juu, nyuma ya jiwe lenye mpasuko,
bomba la inchi mbili linavuja.
Ziba. Weka saini. Rudi.

Nikapanda na begi la spana,
kipande cha mpira wa tairi,
kibano kipya kinachonuka mafuta.
Ngazi za huku hazikuchongwa na fundi,
zimechongwa na visigino;
kila pa kupumulia pana alama ya duara
pale dumu linapotuliwa, mwaka nenda mwaka rudi.
Nikageuka kuvuta pumzi.
Ziwa hilo, limejilaza hadi macho yanapoishia,
jeupe, pana, halina haraka,
kama tajiri aliyesinzia mlango wazi
na jirani anakopa chumvi mtaa wa tatu.

Bomba nililisikia kabla sijaliona.
Uzi wa maji, mwembamba, unachoma beseni la bluu
lenye kovu la plastiki iliyoyeyushwa.
Nyuma ya beseni, ndoo nne kwenye foleni.
Nyuma ya ndoo, tuta la mchicha.
Na mwanamke juu ya jiwe, anachambua dagaa,
hakuinua uso.

"Umekuja kuziba."
Halikuwa swali.
"Nimetumwa, mama."
"Koki ya uani kwangu haijatema kitu
tangu huyu ananyonya. Sasa yuko darasa la nne.
Nikamwita Kabula, kwa mvua aliyozaliwa nayo.
Mtazame anachokinga."

Mtoto amechuchumaa, midomo inahesabu.
Mia nane na tisini. Mia nane tisini na moja.
Ikifika elfu, ndoo inasogea,
zamu ya mama Holo.
Saa hawana. Ugomvi pia hawana.

Nikauliza, "Na usiku?"
"Usiku tunalala."
"Na maji?"
Akanyamaza. Dagaa mmoja akakaa kidoleni muda mrefu.
"Yanajiendea."

Nami najua yanakokwenda:
chini ya mawe, katikati ya vyoo, yakirudi ziwani
machafu kuliko yalivyotoka,
baada ya kusukumwa na pampu, kutiwa dawa,
kupandishwa mlima kwa umeme wa kulipia.
Najua pia bomba hili linakoishia:
zahanati, hatua mia mbili juu,
ambako mkunga Nyanjige ananawa mikono
kwa maji ya kununua, ndoo shilingi mia tano,
na mzazi mwingine yuko mlangoni.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kwamba haba na haba
hukitoboa pia.

Nikafunga kibano.
Nati ya kwanza, uzi ukakonda.
Nati ya pili, ukawa tone.
Ya tatu, kimya;
na katika kimya kile Kabula akabaki na namba mdomoni,
mia tisa sitini na mbili,
hajui aipeleke wapi.

Sasa, kibano cha aina hii kina tundu ubavuni,
hufungwa kwa kizibo. Kizibo nilikuwa nacho.
Nilikuwa pia na koki ya shaba
niliyoing'oa Jumamosi nyumbani kwangu,
maana ilikuwa inakohoa hewa tu
na mke wangu amechoka kuisikia.

Sikutafakari sana. Ningetafakari, nisingefanya.

"Mchicha je?" akauliza mama.
"Upe maji ya kuoshea dagaa."
Akacheka kidogo, upande mmoja.

Nikishuka niligeuka mara moja.
Kabula alikuwa anafungua, anafunga,
anafungua, anafunga, bila ndoo chini,
nikataka kumkemea.
Kisha akafunga, akaegemeza sikio kwenye shaba,
akangoja,
akaikaza tena kwa mikono miwili.

Kwenye karatasi niliandika: imezibwa.
Msimamizi akipita huko akaona koki,
asiulize mtaa.
Saini ni yangu.