Nyuzi Tisini na Moja

Kompyuta ya Nuhu inanguruma kana kwamba inataka kupaa.
Upande huu wa pazia cherehani yangu inaona haya,
inajishonea taratibu.
Chumba ni kimoja, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani:
mimi na magauni ya watu huku,
yeye na vita vyake kule.

"Dada, nyuzi tisini na moja!"
Nikadhani ananihesabia uzi uliobaki.
Kumbe ni homa ya kadi yake ya picha,
kadi aliyoidundulizia mwaka mzima kwa ujira wa ghala la mkonge.
Ikifika hapo picha inakwama,
adui anaganda na mguu mmoja hewani,
Nuhu anapiga meza,
na sindano yangu inaruka mshono.

Amejaribu. Ameleta feni ya mezani,
feni ikampulizia Machi ileile,
Machi ya Tanga, ambayo hata upepo wake unatoka jasho.
Akaweka juu yake barafu ndani ya mfuko wa lambalamba.
Nikamfokea: umeme na maji, wapi na wapi?
Fundi wa Chumbageni akasema, lete elfu themanini,
na mashine uniachie.
Hapo pa kuiacha mashine ndipo aliponywea.

Jumapili umeme ukakatika. Nikamwambia, fungua.
Bisibisi ya cherehani yangu ilitosha; skrubu ni skrubu.
Ubavu ukatoka. Tukachungulia kwa tochi ya simu.

Halikuwa vumbi la barabarani. Nilikuwa mimi.
Mapezi ya kadi yamezibwa na manyoya ya vitambaa vyangu,
tabaka juu ya tabaka:
kijani, sare ya harusi ya Mwantumu, ile ya Shaabani;
zambarau, madera ya kina mama wa Makorora;
nyekundu ya wale ambao deni hawajamaliza mpaka leo;
na chini kabisa, iliyogandamana na chuma,
nyeupe.

Bafta.
Usiku ule nilikata tu, sikushona.
Sanda ya baba haikutaka pindo.
Nuhu alikuwa kwenye kiti hikihiki, sauti ameizima,
anacheza, hana chozi,
na mimi mkasi mkononi namchukia.
Feni yake ikawa inavuta nilichokikata.

Hatukusema kitu.
Nilichukua brashi ya rangi, nikamwonyesha:
zuia mapanga kwa kidole, yasizunguke,
fagia kwa kufuata mapezi, usikatishe.
Ile nyeupe aliitoa kwa kibano, kidogo kidogo,
akaikunja kwenye karatasi ya risiti.
Sikumuuliza anaipeleka wapi.

Pesti ya kupozea ilikuwa imekauka, ukoko mtupu.
Tukaifuta kwa spiriti, tukatia mpya,
tone moja, kama punje ya choroko.
Halafu Kihiyo akamwelekeza kwa simu jambo sikulitegemea:
ipunguzie umeme. Kidogo tu.
Haihitaji wote inaopewa;
huko kiwandani waliizidishia kwa wasiwasi.
Itafanya kazi ileile, bila kuungua.
Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nimekanyaga tu,
hakuna hata kitambaa chini ya sindano.
Nikaondoa mguu.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Sabini na nne. Akacheza saa nzima: sabini na mbili.
Ngurumo ikawa pumzi ya mtu aliyelala.
Mashine sasa iko juu ya kimeza, karibu na mlango wa uani,
haikai tena sakafuni na vipande vyangu.
Tundu la hewa nimelivalisha soksi ya nailoni,
nimeipinda mwenyewe kwa mkono.
Kuifua kila mwezi ni juu yake,
na keshasahau mara moja.

Jana jirani kaleta bafta, na macho mekundu.
Sikuwa nimeinua mkasi bado.
Nuhu akanyoosha mkono nyuma ya pazia, akazima.
Mchezo ulikuwa katikati.

Nikakata.
Chumba kizima kikasikiliza mkasi.